Imeili ile ile inaingia mara mbili? Panga kwanza njia za anwani zako

Kama una Gmail ya binafsi, una info@ ya biashara, halafu ofisi au chuo nacho kimekupa anwani yake, hili unalijua bila kuambiwa. Simu inaita, unaangalia, ni invoisi ya sapulaya. Hujaiweka mezani inaita tena, invoisi ile ile. Leo unafuta moja zinapotea zote mbili, kesho unafuta moja na nyingine inabaki pale haijasomwa, na kuna siku unajikuta unamjibu mteja mara ya pili kitu ulichomjibu asubuhi, tena kwa bei tofauti.

Wengi wakifika hapo wanakuwa watu wa kufuta tu, kila jioni wanafuta, na hiyo ni sawa na kudeki sebule huku bomba liko wazi. Kopi haiji yenyewe, kuna njia inapita, na mara nyingi sana ukichunguza unakuta anwani moja ina njia mbili za kukufikia, mtu aliweka moja mwaka juzi akasahau, akaja kuweka nyingine aliponunua simu mpya. Kwa hiyo hapa tutaitafuta hiyo njia ya ziada tuifunge, kufuta tutafanya mwishoni kabisa.

Ni imeili mbili kweli, au ni moja unaiona mara mbili?

Hapa ndo watu wanaruka na hapa ndo penye jibu, kwa hiyo usiwe na haraka.

Fungua brauza, ikiwezekana kwenye kompyuta, ingia kwenye akaunti moja moja kwa tovuti yake yenyewe: Gmail kwa Gmail, Outlook kwa Outlook, ile ya domeni yako kwa webimeili uliyopewa na kampuni iliyokuuzia hostingi. Itafute ile imeili iliyojirudia. Ukiikuta moja tu wakati kwenye simu zinaonekana mbili, basi iliyofika ni moja na simu ndo inaionyesha mara mbili. Ukizikuta mbili ndani ya sanduku lile lile hata huko kwenye brauza, hizo zimefika mbili kweli. Na ukikuta moja iko Gmail na nyingine iko info@, hizo nazo ni mbili ila kila moja ina sanduku lake, dawa yake ni nyingine.

Kama kompyuta haipo karibu, kwenye simu iwekee nyota kopi moja, subiri kidogo, vuta chini skrini ijisasishe. Nyota ikitokea na kwenye kopi ya pili ujue ni barua moja ina vivuli viwili.

Zikiwa mbili kweli, swali linalofuata ni kama mtumaji alituma mbili au alituma moja ikagawanyika njiani, na jibu limeandikwa ndani ya imeili yenyewe, mahali ambapo watu wengi hawajawahi kufungua. Kwenye Gmail ya kompyuta fungua imeili, bonyeza vidoti vitatu upande wa kulia juu, chagua "Show original". Kwenye Thunderbird ni Ctrl na U. Outlook ya kwenye brauza pia imo kwenye vidoti vitatu, unaingia "View" halafu "View message source". Utaona maandishi mengi ya ajabu ajabu, usiogope, unatafuta mistari mitatu tu.

Wa kwanza ni Message-ID. Ni kama hivi:

Message-ID: <CAF7kq2xT9...@mail.gmail.com>

Hiyo ni namba ya barua, inawekwa na mfumo wa mtumaji na kila barua ina ya kwake, ni kitu cha zamani kipo kwenye kanuni za imeili tangu miaka ya 1970. Fungua kopi zote mbili ulinganishe. Zikifanana herufi kwa herufi, barua ilikuwa moja, imepita njia mbili, kosa liko upande wako. Zikitofautiana, ziliondoka mbili tangu kwa mtumaji, na huko hata ubadilishe setingi zako zote hutaziba kitu.

Mstari wa pili ni Delivered-To, unakuambia sanduku gani lilipokea. Wa tatu huwa haupo kila mara: ukiona X-Forwarded-To au X-Forwarded-For ujue kuna akaunti ya Gmail imeifowadi hiyo barua yenyewe bila mtu kugusa, na anwani zake zimeandikwa pale pale. Mistari ya Received nayo inaonyesha seva zote ilikopita, unaisoma kutoka chini kwenda juu, ya chini ndo mwanzo wa safari. Mara nyingi ukishaona hiyo X-Forwarded kazi imeisha, mwizi amepatikana.

Kama ni simu ndo inakuonyesha mara mbili

Hii ni nyepesi. Unakuta mtu ana apu ya Gmail, halafu ana apu ya imeili iliyokuja na simu, halafu alishusha na Outlook kwa ajili ya ofisi, na zote tatu ameziingiza akaunti zile zile. Kila apu inapiga notifikesheni yake. Chagua apu moja ya kusomea, kwenye zingine toa akaunti, au kama unazihitaji kwa sababu fulani basi zima notifikesheni zake. Kutoa akaunti kwenye apu hakufuti imeili zilizoko kwenye seva, watu wanaogopa sana hapo. Tahadhari ni kwa akaunti ya POP tu, nitaieleza huko chini.

Nyingine ni akaunti ile ile kuingizwa mara mbili ndani ya apu moja, mara ya kwanza kama Google, mara ya pili kama IMAP (mfumo wa kusoma barua zikiwa zimebaki kwenye seva) ya kujaza mwenyewe. Ingia kwenye orodha ya akaunti za apu uangalie, anwani moja ikitokea mara mbili toa ile ya kujaza mwenyewe.

Sasa wale wanaosoma Gmail kwa Thunderbird au Outlook ya kompyuta wana la kwao. Gmail haina folda za kweli, ina lebo, na barua moja inaweza kuwa na lebo tatu kwa wakati mmoja. Thunderbird inazionyesha lebo kama folda, kwa hiyo barua ile ile utaiona Inbox, utaiona All Mail, na kama Google imeiona ya maana utaiona Important pia. Ukitafuta kitu majibu yanakuja matatu matatu. Dawa iko Gmail kwenye brauza: setingi, "See all settings", "Labels", halafu kwenye All Mail na Important toa tiki ya "Show in IMAP". Rudi Thunderbird, funga fungua, utakuta pametulia.

Usithubutu kuziona hizo ukadhani ni uchafu ukaenda kuzifuta folda ya All Mail. Sio kopi hizo, ni barua yenyewe.

Njia mbili za anwani moja

Hapa ndo penye kesi nyingi, hasa kwa wafanyabiashara wadogo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua duka moja la vipuri Kariakoo. Wana domeni yao, wana info@ na mauzo@ kwenye cPanel (ukurasa wa hosti wa kusimamia tovuti na imeili), na mwenye duka ana Gmail yake ya siku zote. Fundi aliyewatengenezea tovuti aliweka forwarder, kila kinachoingia info@ kiende Gmail ya bosi. Baadaye mtu mwingine akamwekea bosi info@ kwenye simu kwa IMAP ili aweze kujibu kwa jina la duka. Kijana wa mauzo naye akaona imeili za mauzo@ zinachelewa kujibiwa, akaweka forwarder ya mauzo@ kwenda Gmail hiyo hiyo ya bosi. Kila mmoja alifanya jambo la maana. Sasa sapulaya wa Guangzhou anatuma profoma kwa info@ na kumweka mauzo@ kwenye CC. Hesabu: ya kwanza inakaa sanduku la info@ na bosi anaiona kwenye simu, ya pili imefowadiwa kutoka info@ kwenda Gmail, ya tatu imefowadiwa kutoka mauzo@ kwenda Gmail (ingawa hizo mbili Gmail kwa kawaida itazionyesha kama moja), ya nne iko mauzo@ kwa kijana. Barua moja, kopi nne, watu wawili.

Kero ya simu kuita ni ndogo. Shida ni kwamba bosi akiisoma ile ya Gmail, ile ya info@ bado inaonekana haijasomwa, na kijana haoni kama bosi ameshajibu. Anajibu naye. Sapulaya anapokea majibu mawili, moja linasema leta katoni hamsini lingine linasema subiri kwanza, na la bosi limetoka kwenye Gmail ambayo sapulaya haijui hata ni ya nani.

Kitu cha kujua kwenye cPanel ni hiki: ukiweka forwarder kwenye anwani ambayo ina sanduku lake, inafanya vyote viwili, inaweka kopi sandukuni na inatuma nyingine ulikoielekeza. Watu wanadhani kufowadi ni kuhamisha.

Cha kufanya, chukua karatasi. Ndiyo, karatasi, hii huwezi kuishika kichwani. Andika kila anwani uliyonayo, mbele yake andika njia zote zinazoitoa pale ilipo kukufikia wewe: forwarder, rul au filta (maagizo ya kupanga au kufowadi barua zenyewe), apu ya simu, laptopu ya ofisini, ile ya zamani nyumbani. Anwani yenye njia zaidi ya moja kwenda kwa mtu yule yule, zungushia. Hizo ndo zinazokusumbua.

Halafu chagua mtindo mmoja kati ya miwili, usichanganye, mana kuchanganya ndo kulikokufikisha hapa.

Mtindo wa kwanza ni kukusanya. Anwani zote zinafowadi kwenda inboksi moja, na hizo anwani nyingine unazitoa kabisa kwenye simu. Kwenye Gmail unaingia "Accounts and Import", sehemu ya "Send mail as", unaongeza info@ kwa kutumia SMTP (seva ya kutuma barua) ya hosti wako, na unachagua ijibu kwa anwani ile ile iliyoandikiwa. Hapo mteja anaona info@ hata kama wewe umejibu ukiwa Gmail.

Mtindo wa pili ni kutofowadi chochote. Kila anwani inabaki na sanduku lake, unaziingiza zote kwa IMAP kwenye apu moja, na unasomea kwenye "All inboxes", ambayo ipo kwenye Gmail ya simu, ipo kwenye iPhone, kwenye Outlook ya simu inaitwa "All Accounts", na kwenye Thunderbird ya kompyuta ni "Unified Folders".

Mimi siku hizi nawashauri watu mtindo wa pili, na sababu zipo. Moja, kufowadi kunaharibu utambulisho wa imeili. Benki ikikutumia barua kwa info@, seva yako ikaipeleka Gmail, Gmail inaona barua inayosema inatoka benki lakini imeletwa na seva ya hosti wako ambayo benki haijaiorodhesha kwenye SPF yake, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. Kama saini ya DKIM (muhuri wa kidijitali wa mtumaji) imefika salama itapita, kama sivyo inazama spamu au inakataliwa kabisa, na ndo unakuta kopi moja umeipata na nyingine huijui iko wapi. Google na Yahoo wamekaza sana upande huo tangu Februari 2024. Mbili, ile njia ya zamani ya Gmail kwenda kuchota imeili za akaunti nyingine kwa POP, inaitwa "Check mail from other accounts", Google walitangaza kwamba wanaiondoa kuanzia Januari 2026, kwa hiyo kama ulikuwa umejenga mambo yako juu yake hama tu. Tatu, na hii ndo kubwa kwa lile duka, IMAP inashirikisha hali ya barua: bosi akisoma info@ kwenye simu yake, kwa kijana inaonekana imesomwa, akijibu, apu nyingi zinaweka kamshale ka kuonyesha imeshajibiwa. Hakuna mtu anajibu mara ya pili.

Kama mko watatu na zaidi kwenye anwani moja na mnalipia Microsoft 365 au Google Workspace, ulizeni habari ya sanduku la pamoja au grupu, kuna utaratibu wake mzuri kuliko watu watano kugawana nywila moja.

Kuzifunga zile njia za ziada ni kazi ya dakika chache ila lazima uangalie sehemu zote, mana fowadi inajificha sehemu mbili mbili. Gmail: "Forwarding and POP/IMAP" uchague "Disable forwarding", halafu nenda pia "Filters and Blocked Addresses" usome filta moja moja, kwa sababu filta nayo inaweza kuwa inafowadi na ile sehemu ya kwanza ikasema hakuna kitu. Outlook: angalia "Forwarding" halafu angalia "Rules". cPanel: angalia "Forwarders", angalia "Email Filters", na angalia "Default Address", hii ya mwisho inakusanya barua zote zilizoandikiwa jina ambalo halipo kwenye domeni yako, kama mtu amekosea akaandika ifno@.

Na ukikuta fowadi inaenda anwani usiyoijua, simama hapo hapo. Hiyo sio kopi za kawaida, kuna mtu anasoma barua zako. Ifute, badilisha nywila, washa uthibitisho wa hatua mbili, toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti halafu uingie upya. Matapeli wa invoisi wanapenda sana njia hiyo, wanakaa kimya wanasoma mpaka siku ya malipo ndo wanatuma namba ya akaunti ya benki iliyobadilishwa.

Kuhusu kuzungusha, yaani A inafowadi kwenda B na B inafowadi kwenda A: seva nyingi zinashtuka barua ikishapita mara nyingi na kuirudisha kwa mtumaji na ujumbe wa kosa. Ukiambiwa na mteja barua yake imerudi ikitaja "loop" au "too many hops", ndo hiyo.

Laptopu ya zamani na POP

Kuna ile ya asubuhi moja unafungua Outlook ya ofisini inaanza kushusha imeili elfu kadhaa ambazo zote unazo tayari, na bando linakwenda nazo.

POP ni mfumo wa mwaka 1984, enzi mtu ana kompyuta moja, inashusha barua kutoka seva na habari inaishia hapo. Siku hizi watu wanaweka tiki ya kuacha kopi kwenye seva ili na simu ione. Sasa kompyuta inajuaje ipi imeshaishusha? Inatunza orodha ya namba ambazo seva inampa kila barua. Hosti wako akihamisha seva, au wewe ukiingiza akaunti upya, au faili la orodha likiharibika, namba hazilingani tena, kompyuta inaona kila barua ni mpya, inashusha zote upya.

Dawa ni kuhamia IMAP, port yake ya usalama ni 993, ile ya POP ni 995, ukiona 995 kwenye setingi za akaunti yako ujue uko POP. Lakini usitoe akaunti ya POP kabla ya kuangalia barua ziko wapi. Kama ile tiki haikuwekwa, barua za miaka yote ziko kwenye hiyo laptopu peke yake na kwenye seva hakuna kitu, ukitoa akaunti zinaweza zikapotea. Kwanza toa bakapu, kwenye Outlook ni kusafirisha kwenda faili la .pst, kwenye Thunderbird ni kunakili folda nzima ya profaili. Kisha ongeza akaunti ile ile kama IMAP pembeni, hakikisha inafanya kazi, vuta barua za zamani uziweke kwenye folda za IMAP, na hii ifanye ukiwa kwenye Wi-Fi mana inapandisha kila kitu. Ndo baadaye unaitoa ya POP.

Zilizotumwa nazo zinajirudia

Fupi: ukituma kwa SMTP ya Gmail, Gmail yenyewe inaweka kopi kwenye Sent, halafu Thunderbird nayo inaweka ya kwake. Ingia setingi za akaunti, "Copies & Folders", toa tiki ya "Place a copy in". Kwa hosti wa kawaida iache, mana wengi hawaweki kopi wenyewe na ukiitoa utakuwa unatuma bila kumbukumbu.

Kama mtumaji ndo anatuma mbili

Message-ID zikitofautiana, basi umeandikishwa mara mbili huko kwa mtumaji. Mara nyingi ni majarida, matangazo, taarifa za benki, taarifa za kampuni za ndege. Kujitoa kunataka umakini kidogo: linki ya kujitoa iliyo chini ya barua imefungwa kwa anwani ile iliyoandikiwa barua hiyo, kwa hiyo fungua kopi iliyokuja kwa anwani usiyoitaka ndo ubonyeze ya humo. Watu wanabonyeza kwenye kopi yoyote, wanajitoa kwa anwani nzuri, wanabaki na ile mbaya.

Kuna la nukta pia. Gmail haihesabu nukta kwenye jina, kwa hiyo asha.m na asham ni sanduku moja, lakini tovuti iliyokusajili inaziona kama watu wawili na inakutumia mbili. Ukitaka kujua, angalia mstari wa To kwenye kila kopi.

Kitu kinachofanana na hicho unaweza kukigeuza kikusaidie. Gmail na Outlook zinakubali alama ya kujumlisha, ukijisajili kama jina+benki@ au jina+ajira@ barua inakuja sanduku lile lile ila unajua imepitia wapi, unaweka filta inaipa lebo yake, na hauhitaji kufungua akaunti ya tano. Kuna tovuti zinaikataa hiyo alama, hapo huna ujanja.

Na wakati uko hapo amua kila anwani ni ya nini. Hela na mambo ya serikali anwani moja, maombi ya kazi moja, makelele ya matangazo moja. Anwani ya chuo usiitumie kwa benki, chuo kinaweza kuifunga ukishamaliza.

Mialiko ya kalenda nayo inakuja mara mbili mtu akikualika kwa anwani zako zote mbili. Kubali moja, ile nyingine usiikatae, ifute tu bila kumjulisha, mana ukikataa mwenye kikao anaona jina lako limekubali na limekataa.

Kusafisha zilizokwisha jaa

Sasa ndo tufute. Gmail haina kitufe cha kufuta kopi, usipoteze muda kukitafuta. Ina kutafuta kuzuri. Andika deliveredto: ukifuatisha na info@ ya kwako, utaona kila kilichopitia huko. Kama umeshaamua info@ ina sanduku lake na haifowadi tena, basi hizo zote zilizoko Gmail ni kopi, ila hakikisha kwanza za asili zipo kweli kwenye webimeili, chukua kadhaa za zamani ulinganishe. Kisha ongeza older_than:1y uanze na za zaidi ya mwaka. Zinakwenda Trash na zinakaa siku 30, una muda wa kujuta. Nafasi haiachiwi mpaka Trash iwe tupu, na ile GB 15 ya bure inagawanywa na Drive na Photos, kwa hiyo kopi zenye viambatanisho zinakula nafasi ya picha zako. Tafuta has:attachment larger:5M uone.

Kabla ya kufuta kwa wingi toa bakapu kwa Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua data zako.

Kwenye kompyuta, Thunderbird ina nyongeza inaitwa Remove Duplicate Messages. Ni ya bure na inafanya kazi vizuri ukiisetia: ilinganishe kwa Message-ID, na badala ya kufuta ihamishie kopi kwenye folda ya pembeni ukazikague. Ijaribu kwanza kwenye folda ndogo. Kama akaunti ni ya Gmail usiipe Inbox na All Mail kwa pamoja, nimeshaeleza kwa nini, itaona kila barua ina pacha na utajikuta umefuta barua zako mwenyewe.

Outlook ina kitu kinaitwa "Clean Up", jina linadanganya. Hiyo inaondoa barua za zamani kwenye mazungumzo ambazo maneno yake yote yameshanukuliwa kwenye jibu la baadaye. Inasaidia kupunguza mrundikano ila sio ya kopi za aina yetu.

Zile tovuti zinazosema tupe nywila yako tukusafishie inboksi, achana nazo.

Kujaribu kama imekaa sawa

Omba mtu mwingine akutumie, usijitumie mwenyewe. Hii inawachanganya wengi sana: ukituma kutoka Gmail yako kwenda info@ ambayo inafowadi kurudi Gmail hiyo hiyo, Gmail inaona Message-ID ambayo tayari iko kwenye Sent, haikuletei kopi ya pili inboksi. Unabaki unasema forwarder imekufa, unaiweka upya, unaongeza na nyingine, kesho yake kopi tatu. Ni sababu hiyo hiyo ukituma kwenye grupu ambalo na wewe umo huioni ya kwako ikirudi.

Kwa hiyo rafiki atume barua moja kwa kila anwani, kichwa cha habari kiwe jina la anwani, "jaribio info", "jaribio mauzo", hivyo hivyo. Halafu atume moja ya mwisho kwa anwani zote kwa pamoja. Zile za moja moja, kila moja lazima itokee kopi moja tu kwenye simu, na uangalie spamu pia. Ile ya pamoja, kama umechagua mtindo wa kukusanya Gmail kwa kawaida itakuonyesha moja, kama umechagua mtindo wa masanduku tofauti utaiona mara moja kwa kila sanduku na hiyo ni sawa, ameiandikia kweli kila anwani. Ikizidi hapo, fungua "Show original" ya ile iliyozidi, soma Delivered-To na X-Forwarded-To, rudi kwenye karatasi yako uongeze njia uliyoisahau.